Simu inajizima na kujiwasha baada ya apdeti: picha zinaokolewaje?

SWALI: Nina Samsung Galaxy A14 ya GB 64. Jumapili usiku iliniletea ujumbe wa apdeti, nikakubali, nikaiweka kwenye chaji nikalala. Asubuhi nimeikuta inaandika Samsung, inazima, inaandika tena, ndiyo hivyo mpaka leo. Fundi wa hapa mtaani amesema ni ya kuflashi, shilingi 25,000, ila vyote vitafutika. Humo mna picha za mwanangu tangu azaliwe, na laini yenye M-Pesa ya biashara. Nimwache aflashi? (Mama, Mwanza)

JIBU: Pole sana dada. Usimpe bado. Yapo ya kujaribu ambayo hayagusi picha hata moja, na kuflashi kwenyewe, yaani kuandika upya mfumo wa simu, kuna namna mbili, ya kufuta na ya kutofuta. Fundi anayekwambia vyote lazima vifutike kabla hata hajaichomeka kwenye kompyuta, ama haijui hiyo namna ya pili, ama anaiona inamchelewesha.

La M-Pesa ndilo jepesi. Fedha haziko ndani ya simu, wala hazikai kwenye laini; ziko kwenye akaunti ya namba yako kwa Vodacom. Chomoa laini, iweke kwenye simu nyingine yoyote, hata kitochi, piga *150*00# uendelee na biashara. Simu isiende kwa fundi yeyote ikiwa na laini ndani. Kama kuna memori kadi, itoe pia. Huenda baadhi ya picha ziko huko na muda wote huu zilikuwa salama. Ukiichomeka kwenye simu nyingine ikakuuliza kama unataka kuiformati, kataa.

Kisha azima simu au kompyuta, ingia photos.google.com kwa Gmail iliyokuwa kwenye hiyo A14. Watu wengi waliwahi kubonyeza kukubali bekapu siku ya kwanza ya simu wakasahau. Google ikitaka uthibitishe kwa kubonyeza kwenye simu iliyokufa, gusa maneno ya kujaribu njia nyingine, uombe namba ya siri kwa SMS. Ndiyo sababu nyingine ya kuitoa laini mapema. Ukilikumbuka neno la siri la Gmail, liandike pahali. Utaliona umuhimu wake mbele.

WhatsApp inataka tahadhari moja. Ukiisajili namba yako kwenye simu ya kuazima, na ukatumia Gmail ile ile, ikikuuliza kama urudishe bekapu ya zamani, kubali. Ukiruka hatua hiyo, bekapu mpya ya usiku itaandikwa juu ya ile ya zamani iliyoko Google Drive, na mazungumzo ya nyuma yatapotea huku wewe ukidhani yanakungoja. Kama huna haraka nayo, iache mpaka tujue hatima ya simu.

Sasa simu yenyewe. Ichaji kwa chaja nzuri angalau nusu saa hata kama inaendelea kujiwasha na kuzima. Kama kifuniko cha nyuma kimeanza kuinuka, acha kuchaji, hiyo ni betri iliyovimba na inabadilishwa kwanza. Ikishapata chaji, keti uitazame, maana mahali inapokwama ndipo panapoeleza ugonjwa.

Samsung inapowaka hupita hatua mbili ambazo wengi huziona kama moja. Kwanza hutokea jina la simu lililotulia, na chini yake maandishi kuhusu Knox (ulinzi wa Samsung) na Android (mfumo unaoendesha simu). Hapo Android haijaanza. Ni sehemu ya msingi tu inayokagua mfumo na kuupakia. Baada ya hapo hutokea neno SAMSUNG peke yake, linalong'aa na kufifia. Hapo ndipo Android inapoamka, inafungua hifadhi yako na kuziandaa programu. Simu inayozima kwenye hatua ya kwanza, kabla ya neno kung'aa, ina mfumo ulioandikwa vibaya, au ubao wake wa ndani unaobeba chipu una hitilafu. Inayokwama kwenye neno linalong'aa, mara nyingi tatizo liko kwenye hifadhi iliyojaa au mafaili ya muda ya toleo la zamani yasiyopatana na jipya. Na ile inayofika mpaka kwenye loki, ikakaa sekunde kadhaa ndipo izime, hiyo karibu kila mara ni programu fulani inayoiangusha, na ndiyo yenye matumaini kuliko zote.

Simu ya GB 64 huingia kirahisi kwenye kundi la pili. Mfumo wenyewe umeshachukua sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Baada ya sasisho, siku ya kwanza ya kuwaka, Android huziandaa upya programu zote na kuzibadilisha kanzidata za ndani ziendane na toleo jipya, na kazi hiyo inataka nafasi ya kuandikia. Ikikosa, huduma muhimu inaanguka, simu inajizima ili ijaribu upya, inaikuta hali ile ile. Simu za aina nyingine, Pixel kwa mfano, zina nafasi mbili za mfumo: toleo jipya likigoma kuwaka, simu inarudi yenyewe kwenye la zamani. Samsung ilianza kufanya hivyo kwenye Galaxy A55 mwaka 2024, kwa hiyo A14 haina mlango huo wa nyuma.

Wala si lazima kosa liwe la sasisho la mfumo. Oktoba 2024, Galaxy S10 na Note 10 nyingi ziliingia kwenye mzunguko kama huu wako kwa sababu ya programu moja tu ya Samsung yenyewe, ile ya SmartThings Framework, iliyojisasisha kimyakimya. Simu hujisasisha usiku, programu nazo hujisasisha usiku, na asubuhi lawama yote huangukia ujumbe ule mtu aliokumbuka kuubonyeza.

Jaribio la kwanza, lisilohitaji chochote: shika kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi mpaka skrini izime. Nembo ikitokea tu, achia cha kuwashia lakini cha kupunguza sauti uendelee kukishika mpaka ufike kwenye loki. Ukiona maneno "Safe mode" kwenye kona ya chini kushoto, umeshinda kwa kiasi kikubwa. Katika hali hiyo programu ulizopakua mwenyewe hazifanyi kazi, za mfumo tu ndizo zinawaka. Usianze kuitengeneza. Fungua loki, chomeka waya kwenye kompyuta, kubali ombi la kuruhusu mafaili, kisha nakili folda ya DCIM (ndimo zinamokaa picha za kamera), ya Pictures, na iliyomo ndani ya Android/media yenye jina la WhatsApp. Kompyuta ikionyesha simu tupu, ni kwa kuwa loki haijafunguliwa. Kabla ya PIN kuingizwa, mafaili yamefungwa kwa usimbaji na hayasomeki. Picha zikishakaa mahali pengine ndipo ufute programu mbili tatu za mwisho kuingia, utoe video nzito mpaka kuwe na angalau GB 5 tupu, kisha uiwashe upya kawaida.

Isipokubali, tunaingia kwenye menyu ya matengenezo, na hapa kuna jambo linalowakwamisha hata mafundi: tangu Android 11, Samsung nyingi haziingii kwenye menyu hiyo mpaka ziwe zimechomekwa kwenye kompyuta iliyowashwa. Chaja ya ukutani haihesabiki. Na waya uwe wa data. Nyaya nyingi za bei ya chini zinapitisha umeme tu. Njia ya kuujua ni kuuchomeka kwenye simu nyingine nzima na kuona kama kompyuta inaitambua.

Ukiwa na waya umechomekwa, shika kupunguza sauti na kuwashia mpaka skrini izime, na hapo hapo, bila kuachia cha kuwashia, hamishia kidole kingine kwenye kuongeza sauti. Nembo ikitokea, achia vyote. Itakuja skrini nyeusi yenye orodha ya Kiingereza. Vitufe vya sauti vinapandisha na kushusha, cha kuwashia kinachagua. Ukichelewa nusu sekunde simu itaendelea na mzunguko wake. Rudia, haidhuru kitu.

Kabla ya kuchagua lolote la kutengeneza, pima ubao. Chagua "Reboot to bootloader". Simu itaingia kwenye hali ya kupokea mfumo, ambamo Android haifanyi kazi hata kidogo. Iache hapo dakika 20 ikiwa kwenye waya. Ikitulia muda wote huo, ugonjwa kwa uwezekano mkubwa ni wa programu. Ikizima au kujiwasha upya yenyewe hapo, au ikawa ya moto bila kazi yoyote, basi sasisho limefichua udhaifu uliokuwepo: betri iliyochoka, chipu ya hifadhi inayokufa, au viungo vya ubao vilivyoachia. Kuandika mfumo mzima ni kazi nzito kwa chipu, na simu iliyokuwa ikijivuta hupata pigo lake siku hiyo. Simu ya namna hiyo ukiiflashi mara kumi, mara kumi utalipa bure. Kutoka hapo, shika kupunguza sauti na kuwashia kwa sekunde 10, kisha urudi kwenye menyu kama mwanzo.

Sasa soma orodha polepole. Kuna mstari ulioandikwa "Wipe data/factory reset" na mara tu chini yake "Wipe cache partition". Wa kwanza unafuta kila kitu. Wa pili unafuta mafaili ya muda tu, na ndio tunaoutaka. Vimepangwa jirani utadhani kwa makusudi. Ukichagua na kukutana na maneno "Factory data reset" kwenye skrini ya uthibitisho, umekosea mstari. Nenda kwenye "Cancel". Wa mafaili ya muda hukuuliza "Yes" au "No" tu. Ukikubali, hauchukui hata dakika. Baada yake tafuta "Repair apps", kama upo kwenye orodha yako. Huo unaziandaa programu upya bila kugusa picha. Malizia na "Reboot system now".

Hapa subira inahitajika. Uwashaji huu wa kwanza unaweza kuchukua dakika 10 hadi 20 huku neno likiendelea kung'aa. Maadamu linang'aa na simu haijaanza upya, iache kwenye chaji. Wengi huiua simu iliyokuwa inapona kwa kuikatiza dakika ya nne.

Huenda badala ya menyu hiyo simu ikaleta yenyewe ujumbe kwamba haiwezi kupakia mfumo wa Android na kwamba data huenda imeharibika, wenye machaguo mawili: "Try again" na "Factory data reset". Huo ni utaratibu wa Android wenyewe, baada ya kuanguka mara nyingi mfululizo. Chagua "Try again", hata mara tatu nne. Lile la pili usiliguse.

Yote yakishindikana na simu imetulia kwenye lile jaribio la dakika 20, sasa fundi ana kazi halali. Kuflashi Samsung hufanywa kwa programu ya Windows iitwayo Odin, na mfumo hugawanywa katika mafaili manne: BL, AP, CP na la nne lenye mipangilio ya nchi. Hilo la nne huja kwa sura mbili ndani ya kifurushi kimoja. Linaloitwa CSC linafuta simu yote. Linaloitwa HOME_CSC linaandika mfumo upya na kuacha data ya mwenye simu. Mwambie fundi hivi: "Naomba uweke HOME_CSC, na usiguse CSC mpaka nikuruhusu." Fundi anayeijua kazi atakuelewa mara moja. Akikuuliza HOME_CSC ni nini, mshukuru uende kwa mwingine. Si hakikisho la asilimia mia, kwa sababu kama kilichoharibika ni hifadhi yako yenyewe mfumo mpya utakwama pale pale, lakini ndiyo nafasi yako nzuri ya mwisho ya kuzipata picha.

Mfumo anaoweka lazima uwe wa modeli yako hasa, ile namba inayoanza na SM- kwenye boksi. A14 zipo za aina kadhaa, za 4G na za 5G, na hazibadilishani. Na usimwombe akurudishie toleo la zamani "lililokuwa zuri". Chukua namba ya toleo yenye mpangilio kama A145FXXU4CXD1: tarakimu inayofuata herufi U (wakati mwingine S) ni ngazi ya ulinzi, na simu ikishapanda ngazi haikubali ya chini yake. Ukijaribu, inakataa kwa maneno "SW REV. CHECK FAIL". Ngazi ikiwa ileile inawezekana, ila kushuka toleo la Android kwa kawaida kunalazimisha kufuta data. Herufi mbili kabla ya tarakimu ya mwisho ni mwaka na mwezi: X ni 2024, Y ni 2025, na D ni mwezi wa nne. Kwa hiyo unaweza kusimama nyuma ya fundi ukaona mwenyewe anaweka toleo la lini. Bora toleo lile lile lililokwama au jipya kuliko hilo.

Kabla ya kumkabidhi, nakili IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kutoka kwenye boksi. Ikirudi, piga *#06# ulinganishe. Kwa Samsung iliyoflashiwa kwa mfumo wake halali, IMEI haibadiliki. Ajali hiyo hutokea zaidi kwenye Tecno, Infinix na itel zenye chipu za MediaTek. Huko programu ya mafundi, SP Flash Tool, ina chaguo la "Download Only" na la "Format All + Download", na hili la pili linafagia mpaka sehemu inayohifadhi IMEI na vipimo vya mtandao. Mwenye simu za kampuni hizo aende Carlcare, kituo chao cha huduma, kabla ya mtaani. Wa iPhone iliyokwama kwenye tufaha anaichomeka kwenye kompyuta, anaiingiza kwenye hali ya kurekebisha, na swali likija achague "Update", si "Restore". Upakuaji ukizidi dakika 15 iPhone hutoka yenyewe kwenye hali hiyo. Acha upakuaji uishe, kisha uirudishe na kuchagua upya.

Kuna ahadi moja usiikubali: "Tufute kwanza, picha nitazirudisha kwa programu yangu." Kwenye simu kama yako kila faili limesimbwa, na ufunguo umefungwa ndani ya chipu ya simu hiyo hiyo. Kufuta kunauharibu ufunguo. Kinachobaki kwenye hifadhi baada ya hapo ni vurugu isiyosomeka, hata chipu ikitolewa na kusomwa kwa mashine. Programu za kurudisha picha zilifanya kazi kwenye memori kadi na simu za zamani. Hapa hazina cha kusoma. Vivyo hivyo atakayekwambia afungue ulinzi wa simu ili aweke mfumo wa kienyeji: kufungua huko kwenyewe kunafuta data, na mfumo huo ukiwekwa unaiua alama ya Knox isirudi tena.

Ukifika mahali umejaribu yote, HOME_CSC imewekwa na bado neno linang'aa bila kufunguka, uamuzi unakuwa wako. Kama picha nyingine hazipo popote na huna haraka, simu inaweza kukaa kabatini hivyo hivyo ikiwa imezimwa, ukamfikishia fundi wa kituo kinachotambuliwa na Samsung siku utakayofika mjini. Mfumo ukivurugika data haiozi. Kama umeridhika na zilizopatikana Google Photos, basi chagua ule mstari wa kufuta kwenye menyu. Hilo unalifanya mwenyewe bure, halihitaji shilingi 25,000. Simu ikiwaka itadai Gmail na neno la siri la zamani, au PIN uliyokuwa ukiitumia. Huo ni ulinzi dhidi ya wezi ulioanza na Android 5.1, na ndiyo sababu nilikwambia uliandike neno la siri mapema. Ukishindwa, utatozwa tena fedha ya "kutoa akaunti".

Ikipona kwa njia yoyote, kabla hujarudisha laini ndani: washa bekapu ya Google Photos, hakikisha kwenye Settings kuna GB 8 hivi tupu, na uzime kujisasisha usiku. Kwenye sehemu ya Software update kuna kitufe cha kupakua kupitia Wi-Fi bila kuuliza. Kizime, uwe unasasisha mchana, chaji ikiwa juu ya nusu na picha za wiki hiyo zikiwa zimeshapanda. Siku nyingine ukimpelekea fundi simu inayowaka, kwa mfano kubadilisha kioo, tafuta "Maintenance mode" kwenye sehemu ya betri na utunzaji wa simu. Fundi ataikuta kama mpya, picha na meseji zako hazioni, na ukiiondoa kwa PIN yako vyote vinarudi.